Antonie van Leeuwenhoek: Muuza vitambaa aliyeviona vijidudu vya meno kabla ya wote

Mwezi Septemba mwaka 1683, mwanamume mmoja wa makamo katika mji wa Delft, Uholanzi, aliandika barua kwenda London. Alieleza kwamba alijichokoa meno, akatoa uchafu mweupe uliojibana kati ya jino na jino, akauchanganya na maji safi ya mvua, kisha akautazama kupitia lenzi ndogo aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Ndani ya uchafu huo aliona viumbe hai, vidogo mno, vikiogelea na kuzunguka huku na huko.

Uchafu huo Kiswahili kinauita ukoga. Mwanamume huyo ni Antonie van Leeuwenhoek, na viumbe alivyoviona ndivyo leo tunaviita bakteria. Katika makala hii tunayafuatilia maisha yake, tangu duka la vitambaa hadi Jumuiya ya Kifalme ya London. Tunaangalia pia swali aliloliacha bila jibu: kwa nini baadhi ya vijidudu hivyo hukaa kinywani kwa amani, na vingine huingia kwenye ufizi, huula na kuyaangusha meno?

Mtoto wa mfuma vikapu

Leeuwenhoek alizaliwa Delft tarehe 24 Oktoba 1632. Baba yake, Philips, alikuwa mfuma vikapu. Mama yake, Margaretha, alitoka katika ukoo wa watengeneza bia. Baba alifariki dunia Antonie akiwa bado mtoto mdogo, na mama akaolewa tena na mchoraji. Kijana alipelekwa shule nje ya mji, kisha akaishi kwa muda na mjomba wake.

Hakusoma chuo kikuu. Alipofika miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza kazi katika duka la vitambaa. Wafanyabiashara wa vitambaa wa wakati huo walikuwa na desturi ya kutumia lenzi kuhesabu nyuzi, ili kujua kama kitambaa ni kizuri au hafifu. Kazi ya kila siku ilimzoesha kutazama vitu vidogo kwa uangalifu.

Mwaka 1654 alirudi Delft, akamwoa Barbara de Mey na kufungua duka lake. Walipata watoto watano, lakini wanne walifariki wakiwa wadogo. Aliyebaki ni binti mmoja, Maria, ambaye aliishi na baba yake hadi mwisho na hakuolewa. Barbara naye alifariki mwaka 1666. Leeuwenhoek alioa tena mwaka 1671, na mke wa pili, Cornelia, alifariki mwaka 1694.

Mwaka 1660 baraza la mji lilimpa kazi ya kutunza ukumbi wa mahakimu. Baadaye alifuzu kuwa mpima ardhi, na mwaka 1679 akawa mkaguzi wa vipimo vya mvinyo. Jirani zake walimfahamu kama mtu wa kuaminika. Mchoraji mashuhuri Johannes Vermeer, aliyezaliwa Delft mwezi huohuo wa Oktoba 1632, alipofariki na kuacha madeni, ni Leeuwenhoek aliyeteuliwa kusimamia mali iliyobaki. Kazi hizi za mji zilimpa kipato cha uhakika, na kipato hicho kilimpa muda wa kukaa na lenzi zake.

Kifaa kifupi kuliko kidole

Mtu akisikia neno hadubini hufikiria chombo kirefu chenye bomba, kilichosimama juu ya meza. Kifaa cha Leeuwenhoek hakikufanana na hicho hata kidogo. Kilikuwa na vibati viwili vya shaba au fedha vilivyobanwa pamoja, na katikati yake lenzi moja ndogo kama punje. Upande mmoja kulikuwa na sindano ya kuchomekea kitu kinachotazamwa, pamoja na skrubu za kukisogeza. Kifaa chote kilikuwa na urefu wa sentimita chache, na mtazamaji alikishika karibu kabisa na jicho, akielekea kwenye mwanga.

Hadubini kubwa za wakati huo zilikuwa na lenzi mbili au zaidi, lakini picha yake ilikuwa na ukungu. Lenzi moja iliyotengenezwa vizuri ilionyesha zaidi. Miongoni mwa hadubini zake zilizobaki hadi leo, yenye nguvu kuliko zote hukuza kitu zaidi ya mara 250.

Mwaka 1673 daktari wa Delft, Reinier de Graaf, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London, chama cha wanasayansi cha Uingereza, akiwajulisha kwamba katika mji wake kuna mtu mwenye vyombo bora kuliko vyao. Jumuiya ikataka kusikia kutoka kwake. Barua yake ya kwanza ilihusu ukungu wa kuvu, mwiba wa nyuki na chawa. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wa enzi hiyo, hivyo aliandika kwa Kiholanzi cha kawaida, na London wakatafsiri. Aliendelea kuandika kwa takriban miaka 50.

Walipokataa kumwamini

Jambo gumu lilikuja mwaka 1676. Leeuwenhoek alikuwa ameloweka pilipili manga majini, akitaka kujua kwa nini inawasha ulimi. Baada ya wiki kadhaa alitazama maji hayo, akakuta yamejaa viumbe hai vidogo kuliko chochote alichowahi kuona. Aliandika barua ndefu kuhusu viumbe hivyo na wingi wake ndani ya tone moja la maji.

London walishtuka. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuviona. Walipojaribu wenyewe mwanzoni, hawakuona kitu. Mtu asiye na shahada, anayeuza vitambaa katika mji mdogo ng'ambo ya bahari, alikuwa anadai kwamba dunia imejaa viumbe ambavyo wasomi wote hawavijui. Heshima yake yote ilikuwa hatarini.

Leeuwenhoek alijibu kama mtu aliyezoea kazi ya mahakama. Alialika watu wanaoheshimika, wakiwemo wachungaji na mthibitishaji wa hati, watazame kwa macho yao, kisha waandike ushahidi na kuutia saini. Watu wanane walifanya hivyo. Mwezi Novemba mwaka 1677, Robert Hooke, mwanasayansi maarufu wa Jumuiya ya Kifalme, alifanikiwa kuviona viumbe hivyo mbele ya wenzake. Shaka ikaisha, na mwaka 1680 Leeuwenhoek alichaguliwa kuwa mwanachama kamili wa jumuiya hiyo.

Ukoga, chumvi na siki

Barua ya mwaka 1683 ndiyo inayotuhusu zaidi leo. Leeuwenhoek alikuwa na umri wa miaka 50, na alijivunia meno yake. Alieleza kwamba kila asubuhi huyasugua kwa chumvi na kusukutua kwa maji. Baada ya kula huchokoa magego na kuyapangusa kwa kitambaa. Fizi zake hazikutoka damu hata alipozisugua kwa nguvu. Pamoja na usafi wote huo, kati ya meno kulibaki utando mweupe, mzito kama uji.

Ndani ya utando huo aliona aina kadhaa za viumbe, akazichora. Aina moja ilikwenda kasi kama samaki anayewinda. Nyingine ilizunguka kama pia ya kuchezea watoto. Michoro hiyo inahesabiwa kuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa za bakteria.

Kisha akafanya kile ambacho mtafiti yeyote wa leo angefanya: alilinganisha. Alichukua ukoga wa wanawake wawili, wa mtoto, na wa wazee wawili. Mmoja wa wazee hao hakuwahi kusafisha kinywa maishani mwake. Kwake Leeuwenhoek alikuta viumbe wengi kupita kiasi, wengine wakubwa kuliko wale aliozoea, waliojipinda kama nyoka walipokuwa wakiogelea. Wataalamu wengi waliochunguza maelezo na michoro yake wanaona kwamba viumbe hao huenda walikuwa spirokete, bakteria wenye umbo la msokoto. Kuna spirokete wa kinywani ambao leo wanajulikana kwa kuhusika na ugonjwa wa fizi.

Alijaribu pia kuwaua. Alipochanganya ukoga na siki kali nje ya kinywa, viumbe walikufa palepale. Lakini aliposukutua kwa siki, wale waliokuwa ndani ya utando waliendelea kuishi. Alihitimisha kwamba siki haikuweza kupenya hadi ndani. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1692, aliandika kwamba kwenye meno ya mbele viumbe wake walikuwa wamekufa, na akadhani sababu ni kahawa ya moto aliyokunywa kila asubuhi. Nyuma kwenye magego, ambako joto halikufika vizuri, aliwakuta wazima.

Hapo alikuwa amegusa jambo ambalo sayansi ililielewa vizuri karne tatu baadaye. Bakteria wa meno hawaishi mmoja mmoja. Hujijenga tabaka juu ya tabaka, wakishikana kwa ute wanaoutengeneza wenyewe, na ute huo huwakinga dhidi ya dawa na dhidi ya askari wa mwili. Ndiyo sababu kusukutua peke yake hakutoshi, na mswaki unapaswa kuuvunja utando wenyewe.

Leeuwenhoek hata hivyo hakusema kwamba viumbe hao huleta maradhi. Aliona wingi wao kwa mzee asiyepiga mswaki, na aliona fizi zake mwenyewe ni imara, lakini hakuziunganisha habari hizo mbili kuwa fundisho kuhusu ugonjwa.

Siri aliyoondoka nayo

Sifa zake zilienea Ulaya nzima. Mwaka 1698 Mfalme Peter wa Urusi alipopita karibu na Delft alimwita, na Leeuwenhoek akamwonyesha damu ikizunguka katika mkia wa mkunga. Wageni wengine walikuja kwa wingi hadi akachoka kuwapokea.

Lakini kulikuwa na upande mwingine wa tabia yake. Hadubini zake bora kabisa hakumwonyesha mtu yeyote, na namna alivyotengeneza lenzi na kuangaza vitu vidogo hakuifundisha. Mwanafalsafa Leibniz alimshauri awafundishe vijana ili ujuzi wake usipotee. Alikataa.

Alifariki tarehe 26 Agosti 1723, akiwa na umri wa miaka 90, na akazikwa katika Kanisa la Kale la Delft. Hata katika ugonjwa wa mwisho aliandika kwa makini jinsi misuli ya tumbo na kifua ilivyokuwa ikimtetemeka, na hali hiyo adimu hadi leo huitwa kwa jina lake. Aliiachia Jumuiya ya Kifalme hadubini 26 za fedha. Zote zilipotea baadaye. Kati ya zaidi ya 500 zinazodhaniwa alizitengeneza, zimebaki chache tu.

Hasara ya usiri wake ilikuwa kubwa. Kwa zaidi ya miaka 100 utafiti wa bakteria ulikwenda polepole mno, kwa sababu wachache waliweza kuona alichokiona yeye. Ni katika karne ya 19, kupitia kazi za Louis Pasteur nchini Ufaransa na Robert Koch nchini Ujerumani, ndipo vijidudu vilipothibitishwa kuwa chanzo cha maradhi. Daktari wa meno Mmarekani, Willoughby Miller, aliyefanya kazi Berlin, alichapisha mwaka 1890 kitabu kikubwa kuhusu vijidudu vya kinywa, na swali la Leeuwenhoek likafufuka.

Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi waliitazama ndani mojawapo ya hadubini zake zenye nguvu kwa kutumia miale ya nyutroni, bila kuifungua. Waligundua kwamba lenzi yake ilikuwa kitone cha kioo kilichoyeyushwa kwa moto, kwa njia inayofanana na ile ambayo Hooke alikuwa ameshaichapisha. Siri aliyoilinda maisha yake yote ilikuwa karibu zaidi na maarifa ya wenzake kuliko walivyodhani.

Kutoka kijidudu hadi jeni

Leo tunajua kwamba kinywa cha binadamu kina mamia ya aina za bakteria, na wengi wao hawana madhara. Mwaka 1998 kundi la watafiti wa Marekani likiongozwa na Sigmund Socransky lilizipanga aina hizo kulingana na zinavyoishi pamoja. Aina tatu zilionekana kwa pamoja pale ambapo ugonjwa wa fizi ulikuwa mkali: Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Hiyo ya tatu ni spirokete, jamii ya wale wanaojipinda kama nyoka.

Kinachowatofautisha hawa na majirani zao wapole kwa kiasi kikubwa kimo katika jeni zao. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya seli, linaloeleza namna ya kutengeneza protini fulani. Bakteria mwenye agizo la kutengeneza ndoano atashika mahali ambapo mwenzake atateleza. Mwenye agizo la kutengeneza mkasi atakata kinachomzuia njiani.

Tuchukue mfano wa Porphyromonas gingivalis, ambaye ramani kamili ya jeni za mojawapo ya jamii zake ilichapishwa mwaka 2003. Jeni iitwayo fimA hutengeneza nyuzi nyembamba kama vinyweleo juu ya mwili wake. Kwa nyuzi hizo hujishikiza kwenye seli za ufizi na kwa bakteria wenzake, kisha huweza kupenya ndani ya seli. Watafiti walipoiharibu jeni hiyo na kuwaambukiza panya bakteria waliobaki bila nyuzi, mfupa unaoshikilia meno uliharibika kwa kiwango kidogo zaidi.

Jeni nyingine tatu, rgpA, rgpB na kgp, hutengeneza vimeng'enya viitwavyo jinjipaini. Hivi ndivyo mikasi yake. Hukata protini zinazoshikanisha tishu za ufizi, na hukata pia kingamwili ambazo mwili hutuma kupambana naye. Vipande vinavyobaki huwa chakula chake, kwa maana bakteria huyu haishi kwa sukari bali kwa protini. Anahitaji pia madini ya chuma, ambayo huyapata katika damu. Kwa hiyo ufizi unaotoka damu ni dalili ya ugonjwa, na pia ni meza iliyoandaliwa kwa ajili yake.

Wengine wana silaha tofauti. Fusobacterium nucleatum ana jeni ya fadA, inayotengeneza protini ya kujishikiza na kupenya kwenye seli. Bakteria mwingine, Aggregatibacter actinomycetemcomitans, hutengeneza sumu inayoua chembe nyeupe za damu. Katika tawi lake moja liitwalo JP2, kipande cha herufi 530 za kinasaba kimepotea mbele ya jeni za sumu hiyo. Kwa kupotea kipande hicho, sumu hutengenezwa kwa wingi zaidi. Tawi hili limeonekana hasa kwa watu wenye asili ya kaskazini na magharibi mwa Afrika. Utafiti uliofanywa kwa vijana wa Rabat, Morocco, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba waliokuwa nalo walikabiliwa na hatari kubwa mara nyingi zaidi ya kupata ugonjwa wa fizi kuliko wasio na bakteria huyo.

Hata hivyo jeni hizi hazifanyi kazi peke yake. Mtu anaweza kuwa na bakteria hao na asiugue. Uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na ukoga ulioachwa ukajijenga huwapa nafasi. Mwili nao, unapopigana nao kwa muda mrefu, huharibu tishu zake wenyewe.

Kwa nini bado tunamkumbuka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Wengi hawaumwi mwanzoni. Huanza kwa damu kidogo wakati wa kupiga mswaki, na watu wengi huona ni jambo la kawaida, au huacha kusugua mahali hapo kwa kuogopa kujiumiza. Katika hatua hiyo, ufizi bado unaweza kupona kabisa kwa usafi na msaada wa daktari wa meno. Mfupa ukishaliwa, haurudi wenyewe.

Watafiti sasa wanajaribu dawa za kuzuia jinjipaini na njia za kuwanyima bakteria uwezo wa kujishikiza, badala ya kuua kila kijidudu kinywani, wazuri na wabaya. Hiyo ni kazi inayohitaji kujua jeni gani inafanya nini.

Leeuwenhoek hakuwa na neno bakteria wala neno jeni. Alikuwa na kijiti cha kuchokolea meno, tone la maji ya mvua na uvumilivu wa mtu aliyezoea kuhesabu nyuzi. Aliona kwamba meno yanayoonekana safi bado yana wakazi, na kwamba siki ya kusukutua haiwafikii waliojificha. Zaidi ya miaka 300 baadaye, daktari wa meno anayemshauri mgonjwa wake apitishe uzi kati ya jino na jino anampeleka palepale alipochokoa mzee huyo wa Delft.